Nyama iliyofichwa ndani ya tako

Kwetu Nyangwe wengi wanasema tako ni nyama tu, sindano inaweza kuingia popote. Mimi siwezi tena kukubali vile. Mtoto wa jirani yetu alishikwa na homa, muuza dawa mmoja akampiga sindano katikati ya tako. Toka siku ile anakokota mguu, unyayo hauinuki.

Nilimuuliza muuguzi mmoja mzee sababu. Akachora kwenye mchanga. "Angalia, ndugu. Ndani kabisa kuna musuli, jina lake piriformi. Unaanzia mbele ya mufupa wa chini ya mugongo, unashika juu ya mufupa wa paja. Ndio unageuza paja kwa inje. Chini yake unapita mushipa wa fahamu munene kupita yote ya mwili, unashuka mpaka unyayo. Kwa watu wengine unapenya katikati ya musuli ule."

Basi hata vijana wetu wanaochimba zahabu kule Namoya, maumivu yakishuka toka tako mpaka nyuma ya paja, pengine musuli huu umekaza na kubana mshipa. Tusikimbilie kusema ni uchawi.

Wamama, wababa, sikilizeni. Mtoto mdogo apigwe sindano kwenye paja, mbele kwa upande wa nje. Kwa mkubwa, gawanyeni tako mara 4: ni robo ya juu, ya nje. Mguu ukilegea baada ya sindano, hospitali siku ile ile. Kuuliza "unapiga wapi?" si kumdharau mganga, ni kulinda mguu utakaotembea miaka mingi.