Fondanti ya Mashimalo Jikoni Kwetu: Keki ya Harusi Iwe Nzuri na Iwe Halali

Nyinyi maharusi watarajiwa, mwezi wa Mfungo Mosi ukiandama tu mtaanza kuhesabu siku. Leo tumekuja na jambo tunaloulizwa sana: vipi tunaifanya ile fondanti nyeupe, laini, tunayofunikia keki, na kwa nini tunajisumbua kuikanda wenyewe wakati ya ndoo inauzwa.

Sisi ni mawifi wawili, tunaishi nyumba moja hapa Unguja, na tunapika keki kwa oda. Harusi, akika, mtoto kukhitimu Kurani, zote tunapika. Jibu la haraka ni kwamba ya ndoo ni ghali kwa sababu inaletwa kutoka nje, na fondanti ya mashimalo ni tamu zaidi mdomoni. Lakini sababu kubwa ni nyengine. Tukiikanda kwa mikono yetu, tunajua kilichomo ndani. Na mashimalo, wapenzi, ndiyo yanayotaka kuangaliwa kuliko kitu chengine chochote katika keki.

Mashimalo yanashikana kwa jelatini. Jelatini hutolewa katika ngozi na mifupa ya wanyama: ng'ombe, nguruwe, na pia samaki. Mengi ya yanayouzwa Ulaya na Marekani yanatiwa ya nguruwe. Ya ng'ombe nayo haitoshi kuwa ya ng'ombe tu, lazima ng'ombe mwenyewe awe amechinjwa kwa sheria. Wapo wanazuoni wanaozungumzia istihala, yaani kitu kugeuka kikawa kitu chengine kabisa, na wamekhitilafiana kama jelatini inaingia humo. Sisi si wanazuoni. Tunafuata lile tulilofundishwa chuoni tangu wadogo kutokana na Hadithi ya Nuuman bin Bashir, kwamba halali iko wazi na haramu iko wazi, na yaliyo katikati bora kuyaepuka.

Jambo hili lilitufika wenyewe mwaka mmoja, siku nne kabla ya harusi. Shangazi yake bi harusi alikuja kutoka Uingereza, na katika sanduku lake akaleta paketi nane za mashimalo, zawadi ya keki ya mtoto wa kaka yake. Kazitafuta mwenyewe, kazibeba mwenyewe, na kila aliyeingia nyumbani alionyeshwa. Tulipozigeuza nyuma kusoma, tukakuta imeandikwa wazi kwa herufi ndogo: jelatini ya nguruwe.

Tukamwita bi harusi chemba tukamuonyesha. Masikini akabadilika rangi. Akatwambia, "Dada zangu, musimwambie shangazi, ataona haya mbele ya watu. Kwani si yanayeyushwa? Yakishachanganyika na sukari nani atajua?" Kisha akajirudi mwenyewe: "Basi yatupeni, nunueni mengine, yeye mwambieni mumetumia yake."

Tulimuelewa. Siku zile bi harusi huwa hana usingizi, na heshima ya mkubwa ni kitu kizito. Lakini tulimuuliza: katika watu watakaokula keki hii, wangapi watasoma paketi? Bibi yako hasomi paketi. Bi mkubwa atakayetoka Pemba hatosoma. Watakula kwa sababu wametuamini. Hiyo ni amana. Na kumwambia shangazi tumetumia yake nao ni uongo, ndoa haianzi kwa uongo hata wa keki. Tena mwakani angewaletea wengine paketi kama hizo hizo.

Basi tukaenda kwake wenyewe, usiku, peke yake chumbani. "Shikamoo shangazi." "Marahaba wanangu." Tukampa paketi na miwani yake, hatukusema kitu. Akasoma. Akanyamaza kitambo. Alilolisema halikuwa la harusi wala la fedha zake. Alisema, "Wajukuu zangu kule nawanunulia haya kila Ijumaa." Machozi yakamtoka. Tulimwambia lile tunaloamini, kwamba asiyejua hana lawama, na Mwenyezi Mungu ni Mwingi wa kusamehe. Sasa umejua, utasoma. Asubuhi yake alikuwa jikoni kwetu, kavaa kanga, anachekecha sukari. Yeye ndiye aliyewahadithia wageni kwa mdomo wake, ili nao wajue.

Na keki je? Tulizunguka Darajani siku nzima hatukupata mashimalo yenye alama ya halali, tukafanya fondanti bila ya mashimalo. Tutawapa njia zote mbili.

Njia ya mashimalo. Chukua mashimalo meupe gramu 450 yenye alama ya halali. Usichukue ya rangi, fondanti haitokuwa nyeupe. Sukari ya aisingi kilo moja, iliyochekechwa mara mbili. Maji vijiko vya chakula 2, cha tatu uweke karibu. Mafuta mgando meupe nusu kikombe, ya kupaka mikono, bakuli na meza. Paka bakuli mafuta, tia mashimalo na maji, weka kwenye maikrowevu sekunde 30, koroga, rudisha tena sekunde 30, mpaka yayeyuke yawe kama uji mzito. Kama huna maikrowevu, weka bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka, kitako cha bakuli kisiguse maji. Tia vanila isiyo na pombe, au matone ya arki ya mawaridi, ambayo kwa harusi za kwetu ndiyo khasa.

Kisha anza kutia sukari kidogo kidogo kwa mwiko. Ikishakuwa nzito, imwage mezani, paka mikono mafuta mengi, ukande kama unavyokanda unga wa chapati. Itakung'ang'ania vidoleni mwanzoni, usichoke na usikimbilie kumaliza sukari yote. Kilo nzima si lazima iishe. Gramu 750 mpaka 900 hutosha, na siku ya mvua huhitaji zaidi. Ikiwa inavutika bila ya kukatika na haishiki mkono, imekuwa. Ikikatika, tia maji nusu kijiko cha chai. Ipake mafuta juu, ifunge plastiki mara mbili, itie kwenye chombo chenye kifuniko, ilale usiku mmoja nje ya friji. Kiasi hiki kinafunika keki ya duara ya inchi 10, na hubaki kidogo cha maua.

Njia ya jelatini. Jelatini ya unga ya halali kijiko cha chakula 1, irowekwe kwenye maji baridi robo kikombe kwa dakika 5, ipashwe moto juu ya maji mpaka iyeyuke bila ya kuchemka. Tia glukosi ya maji nusu kikombe, gliserini kijiko cha chakula 1, na mafuta mgando vijiko 2. Mimina kwenye sukari ya aisingi gramu 900, kanda vile vile. Gliserini nayo iangalie, iwe imeandikwa ni ya mimea, kwa sababu nyengine hutokana na mafuta ya wanyama.

Tukiwa kwenye kusoma paketi, rangi pia zisome. Rangi nyekundu yenye namba E120 hutokana na mdudu, na wanazuoni wana maneno juu yake. Zipo nyekundu nyengine, hakuna haja ya kujitia kwenye shaka. Tumia rangi nzito ya jeli, si ya maji, maana ya maji huilegeza fondanti.

Na mujue pia kuwa yapo mashimalo yasiyo na mnyama kabisa. Baadhi yao hushikanishwa kwa karagenani, namba yake E407, nayo hutoka kwenye mwani. Ndiyo, mwani kama huu huu wanaoulima mama zetu wa Paje na Jambiani, wanaoingia baharini maji yakitoka. Huyeyuka polepole kidogo, lakini hufanya kazi. Kila tukiyatumia tunawaombea dua wale wanaoinama juani.

Sasa tuje kwenye adui yetu, fukuto. Sukari inavuta unyevu wa hewa, na kisiwani unyevu ndio hewa yenyewe. Wakati wa kusi, Juni mpaka Septemba, fondanti hukaa vizuri. Kaskazi na masika, kazi ipo. Funika keki asubuhi mapema au usiku, washa feni, lakini isiipige keki moja kwa moja. Keki ipake kwanza krimu ya siagi, tabaka jembamba, au chokoleti ya ganashi iliyoganda. Usitumie krimu ya kupiga ya maziwa, maji yake huyeyusha fondanti kwa ndani. Nyunyiza mezani kornfulawa kidogo, sukuma kwa kifimbo mpaka milimita 3 au 4. Nene kuliko hapo wageni huibandua wakaiacha sahanini, na hiyo ni israfu tuliyoifanya kwa mikono yetu.

Keki iliyokwisha funikwa usiitie friji. Ikitoka kwenye baridi ikakutana na joto la Unguja, itatoa jasho, itelee na kung'ara kama imepakwa mafuta. Ikikutokea, usiiguse wala kuifuta, iache mbele ya feni mpaka ikauke wenyewe.

Kwa mapambo, tunapenda vya kwetu. Asumini za fondanti zilizopangwa kama kikuba, mawaridi, nakshi za hina zilizochorwa kwa aisingi, au nakshi za mlango wa Mji Mkongwe. Maua yakorogee tailozi kidogo ili yakauke magumu, na yafanye siku tatu kabla. Yapo mambo mawili hatuyafanyi hata tukiongezwa fedha. Hatufinyangi sanamu za bwana na bibi harusi, na hatuandiki aya za Kurani juu ya keki. Keki hukatwa kwa kisu, hutafunwa, na mabaki hutupwa. Maneno ya Mola wetu hayana pahala hapo. Andikeni majina yenu na tarehe, inatosha na inapendeza.

La mwisho kwenu, maharusi. Walima ni sunna, na Mtume, rehma na amani zimshukie, alimwambia Abdulrahman bin Awf afanye walau kwa mbuzi mmoja. Hakuna aliyesema keki iwe ya ngazi tano. Ngazi moja au mbili zilizopambwa vizuri ziwekeni mbele ya watu, na zilizobaki zipikwe kwenye trei bila ya fondanti, zikatwe jikoni. Kila mgeni atapata kipande, na baba hatobaki na deni.

Na kabla ya yote hayo, geuzeni paketi nyuma, someni. Kama kuna neno hamulijui, ulizeni dukani au leteni tusome pamoja. Mwenyezi Mungu azibariki ndoa zenu, awape wenye kheri, na riziki yenu ya kwanza ndani ya nyumba zenu iwe ya halali. Amin.