Mtoto Asiyekuwepo Mezani

Tanga,
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Baba yako kanipa habari kwamba umeitwa kuwa jaji katika shindano la majalada na michoro ya vitabu vya watoto. Nimefurahi sana. Kazi hiyo nimewahi kuifanya, na nilikosea. Nakuandikia ili usijikwae nilipojikwaa mimi, shangazi yako.

Mwaka wetu tulivitandaza vitabu mezani, tukavizunguka kama watu wanaochagua kanga dukani. Kimoja kilituteka: mbuzi mweupe juu ya kilima, nyuma yake jua linatua. Kabla ya chai ya saa nne tulishakubaliana kuwa ndicho mshindi. Wiki iliyofuata nilikipeleka katika darasa la awali, nikawasomea watoto. Sijafika mbali, binti mmoja akanyoosha kidole: “Mwalimu, mbona unasema mbuzi mweusi?” Nikarudia sentensi kimoyomoyo. Kweli, hadithi nzima ilisimama juu ya weusi wa mbuzi yule, kwa kuwa ndio uliomficha fisi asimwone usiku. Mchoraji hakuisoma vizuri. Sisi majaji hatukuisoma kabisa. Binti yule hakuijua hata herufi moja, lakini picha alizisoma kutushinda sote.

Kwa hiyo la kwanza, mwanangu, soma hadithi kwa sauti kabla ya kuipima picha. Mchoro wa kitabu haufanani na picha ya kutundika sebuleni. Una kazi ya kusimulia, na mara nyingine husimulia lile ambalo maneno yameliacha. Mtazame Randolph Caldecott, Mwingereza aliyefariki mwaka 1886. Alichora shairi fupi la watoto liitwalo Hey Diddle Diddle, ambalo linaishia sahani na kijiko wakitoroka pamoja. Yeye akaongeza picha moja isiyokuwa na neno lolote: sahani imevunjika vipandevipande, na kijiko anarudishwa nyumbani na uma na kisu, wazazi wake. Mtoto akiiona hiyo anaelewa kwamba mambo yaliendelea baada ya shairi kwisha. Ndiyo maana Wamarekani walipoanza kutoa medali ya vitabu vya picha mwaka 1938, waliipa jina lake.

La pili, usihadaike na wingi wa rangi. Mwaka 1971 Muriel Feelings, aliyewahi kufundisha Uganda, alitoa kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili, Moja Means One, moja hadi kumi. Michoro ilikuwa ya mumewe, Tom Feelings. Haina rangi za kung'aa; ni mwanga na kivuli tu, na watu wa Afrika Mashariki waliochorwa kwa heshima. Mwaka uliofuata kitabu hicho kikapata heshima ya Caldecott, ile vinayopewa vitabu vinavyomfuata mshindi. Namba zetu wenyewe, moja, mbili, tatu, zilifika kwenye meza ya majaji wale kwa mkono uliotulia.

Jalada liweke juu ya kiti, urudi nyuma hatua tano, maana mtoto huliona likiwa rafuni. Jina la kitabu linasomeka? Kisha fungua ndani. Kuna wachapishaji wanaompa mchoraji mmoja jalada na mwingine kurasa, na mtoto aliyevutwa na sura ya nje akaikosa ndani hujiona amedanganywa. Tazama pale katikati kitabu kinapobanwa pini: je, uso wa mhusika umemezwa na mshono? Gauni aliloanza nalo ndilo analomaliza nalo? Na ile siri ya kumshtua msomaji, imengoja ukurasa ufunuliwe, au picha imeitoa mapema? Haya watoto huyakagua kuliko mhasibu.

La tatu ni gumu. Ukimfahamu mchoraji, sema mapema, utoke chumbani kazi yake inapojadiliwa. Na kama hakuna kinachostahili, kuwa na ujasiri wa kusema hakuna. Kwa vitabu vya mwaka 1955, mwaka wa kwanza wa medali ya Kate Greenaway kule Uingereza, majaji hawakuona cha kukipa, wakaizuia. Ya mwaka uliofuata ikaenda kwa Edward Ardizzone. Kusubiri hakukuidhalilisha medali ile. Ila waandikie waliokosa, kila mmoja, umwambie ukurasa gani ulimwangusha na upi ulikupendeza. Mchoraji kijana anayenyamaziwa huenda akaacha kuwachorea watoto akahamia mabango ya matangazo, na hasara hiyo ni yetu.

Nimekutumia na barua hii kile kitabu cha mbuzi. Kiweke mbele yako siku ya kikao. Mezani mtakaa watu wazima watupu, na msomaji mwenyewe hatakuwepo kujitetea. Nakuomba, kabla hujaandika alama yoyote, mtafute mtoto mmoja wa jirani, umsomee, ukae kimya, na uangalie kidole chake kinakwenda wapi.

Mungu akuongoze.

Ni mimi,
Shangazi yako