Mikono ya Chapati

Ninapika chapati na chai karibu na steji hapa Matisi, Kitale. Kwa miaka mingi mikono yangu ilinifukuzia wateja. Vidole vilikuwa vyeusi kwenye viungo, vigumu kama gome, vyenye nyufa zilizotoa maji nikikunja ngumi. Mtu angeagiza mbili, aniangalie nikikanda unga, halafu akumbuke ana haraka.

Ugonjwa wenyewe ni pumu ya ngozi. Nilidhani ni jina tu, mpaka daktari wa ngozi aliponiuliza kama kwetu kuna mwenye pumu ya kifua. Mama yangu alikuwa nayo. Basi ngozi yangu na kifua chake ni ndugu. Na hauambukizi: si kwa salamu, si kwa taulo, si kwa chapati.

Nilimwendea daktari huyo na swali moja, itaisha lini? Naye akaniuliza, "Mama, unaoga na maji gani?"

Maji moto, nikamwambia. Kitale iko juu, kama mita 1,900, na alfajiri baridi huingia mifupani. Naoga kwa sabuni ya kipande, ileile ya kufulia, kisha nashinda naosha sufuria kwa sabuni ya unga. Akanieleza kwamba hivyo vyote vinaondoa mafuta ya ngozi, ikabaki kama ukuta usiokandikwa: unyevu unatoka, vumbi linaingia. Akaniagiza maji ya vuguvugu, mafuta mazito yasiyo na manukato mara tu nikijikausha, na glavu za pamba ndani ya zile za mpira ninapoosha vyombo.

Nilimwonyesha pia kimkebe kisicho na jina nilichonunua zamani. Kilinisafisha wiki tatu, nikatoa ushuhuda kanisani. Nilipokiacha, ugonjwa ulirudi kwa hasira na ngozi ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Akasema vimkebe vya namna hiyo mara nyingi huchanganywa na steroidi kali. Cha ajabu, yeye mwenyewe aliniandikia krimu ya steroidi, ila kwa kipimo na kwa siku za kuhesabu.

Picha nyingi za ugonjwa huu vitabuni huonyesha wekundu, kwa kuwa ni za ngozi nyeupe. Kwetu huja kijivu, kahawia nzito au zambarau, na watoto wetu huambiwa hawaogi. Wengine husema ni ngozi tu. Mei 2025 Baraza Kuu la Afya Duniani lilipitisha azimio kwamba magonjwa ya ngozi yapewe kipaumbele, nami nilifurahi kama niliyetajwa jina.

Kwa maana si ngozi tu. Siku tuliyomzika mama nilisimama kaburini mikono nikiwa nimeificha ndani ya leso. Watu walikuja kunipa pole, wakanyoosha mikono, nikatikisa kichwa. Wateja waliokwenda, wengine wamerudi. Zile pole sikuzipokea, na hazirudi.

Novemba tukipukuchua mahindi, vumbi huniamsha usiku nikijikuna. Januari upepo mkavu hunipasua tena. Nazidisha mafuta, nangoja.

Juzi kijana wa bodaboda aliiona mikono yangu. "Mathe, bado?"

"Bado," nikamwambia.

Akapokea chapati yake, kisha akanipa mkono. Nikaushika.