Umri Huu na Mapambo Haya?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. 

Twataka kusema juu ya jambo ambalo wengi wa rika letu huona haya kulitaja, nalo ni vazi la mtu wa makamo aalikwapo karamu ya usiku. Huenda kijana akacheka, akasema: wazee na mapambo, wapi na wapi? Lakini jambo hili limetufika sisi wenyewe hapa Kirumba, ndani ya nyumba yetu, likatuonyesha kosa tulilokaa nalo miaka mingi pasipo kulijua.

Habari yenyewe ni hii. Tulialikwa walima ya kijana aliyesoma kwetu tangu alifu mpaka akahitimu juzuu thelathini. Nikaha ilikuwa ifungwe baada ya sala ya Isha, kisha watu wale na kasida zisomwe. Tulipoitoa sandukuni kanzu yetu nzuri, tuliyoshonewa miaka kumi nyuma, tukaona imetukataa. Kifuani yabana, na tumboni yaonyesha kila tonge tulilokula. Tuna miaka hamsini na minne, wala mwili hauwi ule ule siku zote.

Tukaenda barazani kwa fundi cherehani, mtu mzima mwenzetu, tukamwomba aifumue kidogo. Akaigeuza nje na ndani, akasema: "Mwalimu, hapa hapana cha kufumua. Tukate mpya." Akatueleza kwamba uzuri wa kanzu waanzia mabegani. Mshono wa bega ukikaa pahali pake, badani huanguka wima na tumbo hujificha lenyewe. Taharizi, yaani vile vipande vya ubavuni, zikiongezwa upana, na kikwapa kikiachwa huru, mtu mnene hupendeza kuliko yule anayejibana ili aonekane mwembamba. Tumeyaandika maneno haya kwa faida ya ndugu zetu wenye matumbo kama letu.

Laiti tungeishia hapo! Lakini nafsi haishibi. Siku ya pili tulikwenda mjini, tukaona dukani joho jeusi lenye darizi ya nyuzi za rangi ya dhahabu. Tukalijaribu, na kioo kikatuonyesha shekhe mkubwa. Bei yake ilipita ada zote za madrasa yetu kwa miezi miwili. Tukatoa arubuni hata hivyo. Tukanunua na pakiti ya rangi nyeusi ya ndevu. Na tuseme kweli, kwa kuwa Mwenyezi Mungu aijua: tulitaka wale waliosoma kwetu, ambao leo wana magari na maduka, watuone kwamba hatujapitwa.

Ile rangi haikufika kidevuni. Tulikumbuka habari ya Abu Quhafa, mzazi wa Sayyidna Abubakar, aliyeletwa mbele ya Mtume (s.a.w.) siku ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 Hijria, kichwa na ndevu zikiwa nyeupe kabisa. Mtume akaamrisha mvi zile zibadilishwe, ila weusi uepukwe. Wanazuoni wana maneno mengi juu ya weusi huo; sisi tukashika lililo salama, tukaitupa pakiti na kutia hina.

Zilipobakia siku kumi, tukamwuliza mama wa watoto wetu: "Mbona hutayarishi nguo zako?" Akajibu huku akichambua dagaa: "Nenda, Mwalimu. Mimi nitalinda nyumba."

Tukasema: "Nyumba ina kufuli. Wewe umealikwa kama tulivyoalikwa sisi."

Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Nguo za karamu niliziacha zamani. Wewe mwenyewe uliniambia: umri huu na mapambo haya?"

Sisi hatukukumbuka kusema neno hilo. Yeye alikumbuka mpaka siku yake. Ilikuwa ni usiku wa Idi, miaka saba iliyopita. Alikuwa amevaa gauni jipya, ametia wanja na udi, nasi tukampita mlangoni na vitabu mkononi, tukatamka neno lile, tukaenda zetu darasani. Gauni lile likakunjwa. Tangu usiku ule akawa huvaa kanga zilizochuja, nje na ndani, nasi tukidhani ni uchamungu, hata tukamsifu mbele za watu.

Wasomaji wetu, siku ile tulishindwa kusomesha. Somo la jioni, kwa kudra ya Mungu, lilikuwa habari ya Salman na Abu Dardaa (r.a.), iliyomo katika Sahihi ya Bukhari. Mtume (s.a.w.) aliwaunganisha udugu watu hao wawili. Salman akaenda kumzuru nduguye, akamwona mkewe, Ummu Dardaa, amevaa nguo chakavu. Alipomwuliza sababu, akajibiwa kwamba Abu Dardaa hana haja na dunia. Salman akamfunza nduguye kwamba Mola ana haki yake, nafsi ina haki yake, na ahali wana haki yao, basi kila mwenye haki apewe haki yake. Naye Mtume akamsadikisha Salman. Kisa hiki tumekisomesha zaidi ya miaka ishirini, na Ummu Dardaa alikuwa jikoni kwetu.

Wala mtu asidhani kwamba vazi ni jambo dogo. Katika karne ya 19 watumwa wa Unguja na pwani walivikwa merikani, nguo ngumu isiyotiwa rangi iliyotoka Marekani, au kaniki nyeusi. Utumwa ulipoondolewa kwa sheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliopata uhuru waliacha merikani na kaniki wakajitanda kanga za rangi, na baadaye wakavaa buibui. Walijua kwamba nguo humwambia mtu kadiri ya thamani anayohesabiwa. Basi sisi, kwa neno moja la mlangoni, tulimwambia nini mwenzetu?

Tulimtaka radhi. Hakujibu upesi, na haki yake asijibu upesi. Asubuhi tukamrudia mwenye duka, naye, Mungu amzidishie, akaturudishia arubuni yetu. Fedha zile tukamkabidhi mwenzetu, tukamwambia achague mwenyewe, maana sisi kwa uchaguzi tulikwisha kukosea.

Alikwenda kwa fundi wa kike. Gauni lile la Idi lilikuwa halimwenei tena. Akakataa mtindo wa wasichana wa kubana kiunoni, akakataa na gunia la vikongwe. Akakata gauni pana la rangi ya zambarau, mikono mirefu, shingo yenye nakshi ndogo, na mtandio wa rangi hiyo hiyo. Alipolijaribu nyumbani, akatugeukia asiseme kitu. Tukamwambia limempendeza, nasi hatukusema kwa kumridhisha.

Usiku wa walima tulifuatana kwa miguu, harufu ya dagaa ikitujia kutoka Mwaloni. Yeye alikuwa na buibui juu ya gauni, na sisi na kanzu mpya na kofia yetu ya zamani. Hakuna hata mmoja katika wanafunzi wetu aliyeitazama kanzu. Walitubusu mkono wakatuuliza hali ya afya. Upande wa akina mama, nyuma ya turubai, tulisikia kicheko ambacho tulikuwa hatujakisikia miaka saba.

Ndugu zetu, Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Al-Aaraf tuchukue mapambo yetu kila tuendapo kusali, akatukataza israfu, akatukumbusha kwamba vazi la uchamungu ndilo bora. Na katika Al-Baqara amewafananisha mume na mke na mavazi, kila mmoja kwa mwenziwe. Basi aliyefika makamo na avae nguo ya mwili alio nao leo, kwa fedha alizo nazo, bila ya kufuru wala kujibana. Na kabla hajalipia joho lake, na atazame kwanza mwenziwe amevaa nini. Nanyi vijana, ulimi mnaowachekea wake zenu leo mtakuja kuulizwa juu yake.

Mwenzetu alipofika nyumbani alivua buibui, akabaki na gauni lake akitupikia chai. Ilikuwa saa sita ya usiku. Hatukuwa na haja ya chai, lakini tulikunywa vikombe viwili.

Mwenyezi Mungu atusamehe maneno tuliyoyasema tukayasahau, na hali waliosemwa hawakuyasahau. Amin.