Samawati Iliyopauka: Tuliyojifunza Katika Nyumba ya Lamu



Mara nyingi msafiri huondoka kwake akitafuta jambo moja, akarudi na jingine. Sisi tulikwenda Lamu kwa ajili ya Maulidi, tukarudi, pamoja na baraka za Maulidi, na dawa ya ukuta. Twaona haifai kuificha dawa hiyo, kwani nyumba nyingi za ndugu zetu wa pwani zina maradhi kama yaliyokuwa katika nyumba yetu.

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Mombasa, nayo ni ya mawe na chokaa, urithi wa wazee wetu. Binti yetu alipoposwa, iliamuliwa kwamba yeye na mumewe watakaa katika chumba cha juu. Kwa furaha tuliyokuwa nayo tulitaka chumba hicho king'ae kuliko vyote. Tukanunua rangi ya mafuta, buluu kali yenye kumeta, tukaipaka kuta zote nne. Kisha tukatundika mapazia mazito ya rangi ya chungwa kutoka juu hadi chini. Sehemu ya fedha hizo tuliikopa, jambo ambalo hatulitaji kwa fahari. Ziliponyesha mvua za masika, rangi ile ilifanya malengelenge, ikabambuka vipande vipande, na nyuma yake ukatokea ukungu mweusi. Hata mahali iliposhika, mtu hakuweza kukaa chumbani humo saa nzima bila ya macho kumchoka. Arusi ilikuwa imebakia miezi michache, deni halijalipwa, na binti yetu alikuwa akiufunga mlango wa chumba kila mgeni alipopanda ngazi.

Katika hali hiyo ndipo tulipofunga safari. Gari la abiria lilitupitisha Malindi, Garsen na Witu, mpaka Mokowe, ambako nchi kavu huisha. Pale tukapanda mashua, tukavuka mkondo hadi Lamu. Mji huo umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001, lakini si makumbusho ya kutazamwa tu: watu wanaishi humo, wanasali, wanasomesha watoto wao. Njia zake ni nyembamba hata punda mwenye mzigo akipita, watu hujibana ukutani. Kwa nje kuta ni ndefu na kimya. Uzuri wa nyumba umewekwa ndani kwa wenyewe.

Tulifikia kwa shangazi yake mama watoto, bibi mzee aliyezaliwa katika nyumba hiyo hiyo. Kutoka njiani mtu huingia kwanza katika daka, penye mabaraza ya mawe ya kukalia wageni. Akipita hapo hufika katika kiwanda, yaani uwazi usio na paa, ambamo mwanga na hewa huingia. Mbele ya kiwanda iko misana miwili, mmoja nyuma ya mwingine, na nyuma kabisa ni chumba kiitwacho ndani, chenye ukuta wa zidaka zilizochongwa katika chokaa. Vyumba vyote hivyo ni virefu na vyembamba, kiasi cha mita 3 hivi kwa upana, kwa sababu dari yake imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kupita urefu wake ikabeba uzito wa dari ya mawe. Kila mtu aingiavyo mbele, sitara huzidi na mwanga hupungua.

Tulipoketi msanani tulijiona tumetulia, wala hatukujua mara moja sababu yake. Kisha tukatazama kuta. Kuta za kiwanda na za msana wa kwanza, kutoka chini hadi kimo cha mtu aliyeketi, zilikuwa zimepakwa samawati iliyopauka: rangi ya mbingu ya kaskazi yenye vumbi, au ya kikoi kilichofuliwa mara nyingi kikawa laini. Juu yake ukuta ulikuwa mweupe wa chokaa. Na ndani, kwenye zidaka, palikuwa peupe patupu.

Tukamwuliza, “Bibi, mbona rangi haikufika ndani?”

Akatujibu, “Wanangu, rangi hii yataka mwanga. Ukiipeleka gizani hugeuka jivu. Ndani hukaa weupe, maana weupe huo mwanga mdogo ulioupata huurudisha.”

Nasi tukasimama tukahakikisha. Karibu na kiwanda samawati ile ilionekana kama mbingu. Kwenye pembe ya msana, mita chache tu kutoka hapo, ilikwisha kuelekea kijivu. Yule bibi hakusomea mambo ya rangi popote, lakini miaka yake katika nyumba hiyo ilikuwa imemsomesha.

Basi tukaanza kutazama ni rangi zipi alizozikalisha pamoja na samawati hiyo. Ya kwanza ni weupe wa chokaa, nao ndio uliokuwa mwingi kuliko rangi zote. Ya pili ni hudhurungi ya mbao: mlango, kitanda na sanduku la nguo, joto la mti likiondoa ubaridi wa samawati. Ya tatu ni shaba: sinia moja na birika, ambazo umanjano wake ulimetameta mchana na jioni ukawa kama taa. Ya nne ni wekundu, lakini mwembamba sana, katika mistari ya mkeka tu. Wazee wa Lamu na Pate walifanya vivyo hivyo walipozipaka baadhi ya boriti zao rangi nyekundu na nyeusi: rangi kali iliwekwa juu, kwa mistari, mfano wa chumvi katika chakula.

Buluu kali nayo haikukosekana. Katika zidaka palikuwa na mabakuli mawili ya kale kutoka China, meupe yenye maua ya buluu. Wazee wetu waliyapenda mabakuli ya namna hiyo hata wakayachomeka katika makaburi ya nguzo, kama yale ya Mambrui na Kunduchi. Na katika zama za mwanzo za vyombo hivyo, madini ya kobalti yaliyotoa buluu hiyo, baadhi yake yalipelekwa China kutoka Uajemi. Kwa hiyo rangi ilitoka katika nchi ya Waislamu, ikafinyangwa mashariki ya mbali, ikarudi kwa bahari hadi bandari zetu. Tulitambua kosa letu hapo. Buluu ile ile tuliyoipaka kuta nne nzima, bibi aliiweka kwa kiasi cha bakuli mbili, nayo ikapendeza. Rangi iliyopauka ina ukijivu ndani yake, na jirani mwenye makelele akiwa mkubwa huifanya ionekane chafu. Akiwa mdogo huipa uhai.

Tukamweleza habari ya malengelenge yetu. Akacheka kidogo, akasema, “Ukuta wa mawe wataka hewa. Nyinyi mmeuvika nailoni.” Na hivyo ndivyo ilivyo. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu, kisha huutoa wenyewe jua linapotoka. Rangi ya mafuta huuzibia njia, na unyevu usipopata pa kutokea huisukuma rangi mpaka ikabambuka. Chokaa, kwa kuwa nayo ni ya jamii moja na ukuta, huuacha ukauke. Samawati ya bibi ilikuwa ni chokaa iliyochujwa na kutiwa buluu ya kufulia nguo, basi.

Usiku ule tulikumbuka hadithi ya Bibi Aisha (R.A.), iliyopokewa katika Sahihi ya Muslim. Mtume (S.A.W.) alirejea kutoka safarini akakuta pazia limetundikwa nyumbani, akalivuta likapasuka, akafundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakutuamrisha kuyavisha nguo mawe na udongo. Bibi Aisha akalikata akalifanya mito miwili, akaijaza nyuzi za mtende, wala Mtume hakumlaumu kwa hilo. Na katika Sura ya An-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu amezitaja nyumba zetu kuwa ni mahali pa utulivu. Tukajiuliza: chumba chenye deni, na kichoshacho macho, kina utulivu gani?

Tuliporejea tulifanya kazi hiyo wenyewe pamoja na fundi mmoja. Tulikwangua rangi yote ya mafuta, tukauacha ukuta ukauke siku nyingi, tukaulowesha kidogo, ndipo tukapaka chokaa nyepesi mara nne, kila mara tukingoja ya kwanza ikauke. Watakaofuata njia hii na wazingatie mambo mawili. Kwanza, chokaa huunguza: mikono na macho yahifadhiwe, na watoto wakae mbali. Pili, rangi iliyo ndani ya ndoo huonekana nzito, nayo hupauka sana ikikauka. Kwa hiyo jaribuni kwanza mahali padogo, mngoje hadi kesho yake, ndipo mhukumu. Sisi hatukungoja, tukalazimika kuichanganya upya.

Samawati tuliiweka katika ukuta mmoja tu, ule ukabilio dirisha. Kuta tatu zilibaki nyeupe. Kitanda cha mbao cha marehemu nyanya yake kiliingizwa, na sinia la shaba. Gharama yote haikufika robo ya ile ya kwanza. Ukungu bado hurejea kidogo chini ya dirisha kila masika, na kila masika twalipaka chokaa tena.

Yalibaki yale mapazia ya rangi ya chungwa. Mama watoto alitaka kuyagawa, lakini binti yetu, ambaye hadithi ya Bibi Aisha alikuwa ameisikia kwetu tangu tulipotoka Lamu, aliyachukua bila ya kusema neno, akayakata, akashona mito miwili, akaiweka juu ya kitanda. Rangi iliyotuumiza macho ikitanda dirisha zima, sasa ni vipande viwili mbele ya samawati, na kila aingiaye huisifu.

Arusi ilifanyika, Alhamdulillahi, na siku hiyo mlango wa chumba uliachwa wazi. Enyi vijana mnaojitayarisha kuoa na kuolewa, msianze maisha yenu kwa deni la kung'arisha kuta. Tazameni kwanza mwanga wa chumba, na ukuta umejengwa kwa nini, na vyombo gani wazee wamekuachieni. Kisha chagueni rangi moja tulivu, mwizungushie weupe mwingi, mti na shaba kidogo. Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu utulivu na baraka. Amin.

Wassalaam.