Vilele

Jumatatu, 6 Machi 2017
Damu ya mgonjwa wa ICU imeotesha hamira. Kipimo cha kuangalia inakula sukari zipi kinasema Candida haemulonii. Ni ya tatu tangu Januari, na siamini tena. Nimeiotesha upya kwa nyuzi 42. Haemulonii halisi haivumilii joto hilo.

Jumatano, 8 Machi
Imeota, tena kwa raha zake. Nikapaka koloni kwenye bamba la mashine ya protini. Mstari ukalala bapa. Kosa langu: ukuta wa fangasi ni mgumu, huwezi kuipaka tu kama bakteria. Nimerudia kwa tone la asidi fomiki, ile ile waliyotumwagia majimoto tulipopanda mwembe wa bibi. Sikujua siku moja nitaiagiza kwa chupa.

Safari hii vilele vimesimama. Leza inapiga, protini zinatimka ndani ya bomba lisilo na hewa, nyepesi zinafika mwanzo, nzito zinajikokota. Nyingi ni za ribosomu, kati ya daltoni 2,000 na 20,000. Sichoki kuzitazama. Lakini alama ya kufanana na vilele vya maktaba ya mashine ni 1.58, na chini ya 1.7 hakuna jina la kuaminika. Spishi inataka 2.0.

Alhamisi, 9 Machi
Mashine haijui hamira, inajua maktaba yake tu. Nashuku ni Candida auris. Ilielezwa mwaka 2009, kutoka sikioni mwa mgonjwa huko Japani, na maktaba yetu ya zamani haina picha yake. Niliomba mpya tangu Oktoba. Bajeti, nikaambiwa.

Daktari kapiga simu. "Dada, ni nini hicho? Nimemwanzishia flukonazoli."
"Jina bado, daktari. Ila hiyo usiitegemee."
Akanyamaza kidogo, kisha akauliza mikafungini kama ipo stoo.

Jumanne, 14 Machi
Maktaba imefika. 2.14: Candida auris. Nikazitoa frizani zile mbili za mwanzo. Auris zote.

Mashine imezichorea mti wa kufanana: mbili tawi moja, ya tatu pembeni. Mkuu wangu anataka niandike kwamba wagonjwa wa zile mbili za tawi moja wameambukizana wodini. Nimekataa. Mti huu hucheza hata nikibadilisha siku za kuotesha tu. Undugu wa karibu hivyo unataka kusomwa kwenye vinasaba.

Ripoti mbili za haemulonii zilishatoka na sahihi yangu. Kesho nazisahihisha, kisha nashuka wodini kuuliza wale wawili walilala vitanda gani.