Mtoto Asiye na Simu

Mlowo ni mji wa njiani. Umekaa katika Wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwa njia ya Mbeya hadi mpaka wa Tunduma, na malori yaendayo Zambia na Kongo hupita hapo usiku na mchana. Watu wake hulima kahawa na mahindi, na wengi huishi kwa kuwauzia wasafiri. Mji wa njiani huzoea kuona vitu vikipita. Mzigo uliopakiwa asubuhi huwa mikononi mwa mgeni jioni, na aliyeupakia hana habari tena na mwisho wake. Tabia hii ni baraka katika biashara. Lakini uko mzigo mmoja ambao haukupasa kupakiwa kamwe, nao ni aibu ya mtoto.

Aliishi katika mji huo binti mmoja wa miaka 14, mwanafunzi wa kidato cha pili. Mama yake aliuza ndizi na parachichi kwa abiria wa mabasi, na nyumba yao ilikuwa na simu moja tu, ya mama. Binti hakuwa na simu. Shule haikuiruhusu, na mama hakuwa na fedha ya kununua ya pili. Hata angalikuwa nayo asingalinunua, maana alikuwa amesikia mengi juu ya watoto walioharibikiwa kwa ajili ya simu, akaamini kwamba kwa kumnyima mwanawe chombo hicho amemzungushia ua. Wazazi wengi wana imani hiyo. Ni imani ya mapenzi wala si ya kuchekwa; ila ua wake una tundu.

Siku moja ya Juni, wakati wa baridi, binti alikuwa akirudi kutoka shule. Siku zake zilimjia njiani bila ya yeye kujua. Kijana mmoja, mwenziwe wa shule, alikuwa ameketi kijiweni na simu ya kaka yake. Akampiga picha kwa nyuma, akaandika chini yake jina la kejeli, akaitia katika kundi la WhatsApp la vijana wa mtaa. Kazi hiyo yote haikuchukua muda wa kumenya ndizi moja. Kabla ya magharibi picha ilikuwa imehama kundi hadi kundi: ya waendesha bodaboda, ya wapagazi, ya wachuuzi wa stendi, hata ya wazazi wenye watoto katika shule ile ile. Baadhi yao walicheka. Baadhi walisikitika, wakaipeleka mbele ili wenzao nao wasikitike. Picha haikujua tofauti ya aliyecheka na aliyesikitika. Wote wawili waliibeba.

Binti alipata habari kesho yake darasani, kwa jina jipya aliloitwa. Hakumwambia mama yake. Alisema tumbo lamuuma. Wiki iliyofuata alisema kichwa chamuuma. Akaacha kukaa mezani pa biashara jioni kama ilivyokuwa desturi yake, na alipotumwa dukani alizunguka kwa njia ya mashamba ya kahawa ili asionekane barabarani. Mama alimpa maji ya tangawizi, kisha akamkemea kwa uvivu, mwisho akamtishia fimbo. Wiki tatu zilipita hivyo. Katika nyumba ya vyumba viwili, ambamo kikohozi cha mmoja humwamsha wa pili, mtoto alikuwa akizama na mzazi wake hakuona maji.

Dhihaka baina ya watoto si jambo la leo. Lakini dhihaka ya zamani ilikuwa na mipaka. Ilikoma kengele ilipolia, ilikoma mvua iliponyesha na watu wakatawanyika, ilikoma mlango ulipofungwa. Mtoto aliyechekwa alikuwa na mahali pa kukimbilia, na aghalabu wachekaji walisahau kabla ya mavuno. Dhihaka ya simu haina usiku wala mlango. Huko Kanada, binti aliyeitwa Amanda Todd alihama shule zaidi ya mara moja, na picha yake ikamfuata. Alijiua mwezi wa Oktoba 2012 akiwa na umri wa miaka 15. Mtu aliyekuwa akimwandama alikuwa akiishi Uholanzi, ng'ambo ya bahari, wala hukumu ya Kanada haikumfikia mpaka mwaka 2022. Umbali, ambao zamani ulikuwa ngao ya mnyonge, haukumfaa kitu.

Wasafiri wapitao Mbozi huonyeshwa njia ya kwenda kwenye Kimondo, jiwe kubwa la chuma lililoanguka kutoka angani, ambalo habari zake zilienea nje ya nchi tangu mwaka 1930. Ncha moja ya jiwe hilo ina majeraha. Ni alama za watu waliokata vipande ili wawe na ukumbusho. Yamkini hapana hata mmoja wao aliyedhani kwamba analiharibu jiwe, kwa kuwa kila mmoja alichukua kidogo. Leo Kimondo kinahifadhiwa kwa sheria, na atakaye kukigusa kwa msumeno atajibu. Mtoto naye hukatwa hivyo hivyo, kidogo kidogo, na watu wengi, na kila mmoja wao huapa kwamba kipande chake kilikuwa kidogo.

Aliyeona maji kabla ya mama alikuwa mwalimu mmoja wa kike. Alihesabu siku ambazo kiti cha binti kilikuwa kitupu, akaja nyumbani jioni moja, akaketi juu ya kigoda. Hakuja na maswali ya hakimu. Alimsaidia mama kupanga ndizi, akazungumza habari za mahindi na bei zake, kisha akamwambia binti kwa sauti ya chini, "Mwanangu, najua kuna jambo. Hukukosa wewe." Maneno hayo mawili ya mwisho yalifungua kilichokuwa kimefungwa wiki tatu. Binti alilia kwanza, ndipo akasema.

Mama aliuliza kwa uchungu, "Kwa nini hukuniambia mimi mama yako?" Binti akajibu, "Mama, niliogopa utasema nimejitakia." Mama hakuwa na neno la kujibu, maana alijua kwamba ndilo ambalo angalilisema. Akaitoa simu yake. Aliifungua kwa nia ya kuuliza wenziwe kama wameiona picha hiyo, naye akaikuta kwake mwenyewe, katika kundi la wachuuzi. Ilikuwa imefika usiku, naye alikuwa amechoka, hakuitazama sana, hakuutambua mkoba wa shule ambao aliutia kiraka kwa mkono wake. Chini ya picha zilikuwako alama za vicheko zilizowekwa na watu wengi, na mmoja katika watu hao alikuwa yeye.

Hapo ndipo lilipo tundu la ua. Mtoto asiye na simu alijeruhiwa kwa simu za watu wengine, na mojawapo ilikuwa ya mama yake. Kumnyima mtoto chombo huweza kumkinga na hatari kadha wa kadha, lakini hakumkingi na vidole vya jirani. Na mtoto mwenye simu, ambaye ajua kwamba akisema atanyang'anywa, hujifunza kunyamaza. Mzazi adhani ameondoa hatari, kumbe ameondoa habari za hatari.

Mwalimu aliwapa mashauri machache. Picha isifutwe kwanza. Ihifadhiwe pamoja na majina, namba, tarehe na saa, kwa kuwa ndio ushahidi. Isipelekwe kwa mtu yeyote mwingine, hata kwa nia ya kuomba msaada, isipokuwa kwa wenye mamlaka ya kusaidia. Wako mkuu wa shule, afisa ustawi wa jamii, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Na ambaye hawezi kutembea aweza kupiga bure namba 116, simu ya huduma kwa watoto. Mama aliposema kwamba yafaa kuitangaza picha ili watu waone uovu wa yule kijana, mwalimu alimkumbusha habari za Mbeya. Mwaka 2016 mwanafunzi wa shule moja ya sekondari huko alipigwa na walimu waliokuwa mafunzoni, na picha zake zikaenea nchi nzima. Zilileta haki upesi, na hilo halikanushiki. Lakini kipigo alichopata mara moja kikaonekana mara nyingi mno. Picha ile ile ingaliweza kufika kwa mwenye mamlaka bila ya kupita machoni pa taifa.

Sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 23, ilikataza mawasiliano yapelekwayo kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia mtu uchungu wa moyo, ikaweka faini isiyopungua shilingi 5,000,000 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Lakini sheria huja baada ya jeraha. Tena mkosaji wa Mlowo alikuwa na miaka 15, na kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kwa hiyo waliketi kwanza shuleni, wazazi wa pande mbili, pamoja na afisa ustawi wa jamii. Baba wa kijana alitaka kumchapa mwanawe hadharani na kumpiga picha ili wote waliocheka wamwone. Mwalimu akakataa, akasema kwamba aibu haioshwi kwa aibu. Kijana aliamriwa aombe radhi, kisha apite kwa kaka yake na kwa wenye makundi, mmoja mmoja, akiwasihi waifute. Alirudi siku ya nne amekonda. Alikuwa amejifunza kwamba kutuma ni rahisi kama kupumua, na kurudisha ni kama kuokota unga uliomwagika barabarani malori yakipita.

Mama naye alikuwa na kazi yake. Usiku ule ule aliandika katika kundi la wachuuzi maneno haya: "Yule ni mwanangu. Nami nilicheka." Kundi lilinyamaza hadi asubuhi. Kulipokucha wengi walikuwa wamefuta.

Wengi, si wote. Mwezi wa Agosti utingo wa lori lililotoka Tunduma alimwona binti mezani pa mama yake, akamwita kwa lile jina. Picha ilikuwa imevuka hadi mpakani, na hapana ajuaye ilivuka tena kwenda wapi. Binti alitetemeka, akainama, akaendelea kupanga ndizi. Mama alikuwa upande wa pili wa barabara, naye hakusikia.

Walipofika nyumbani, kabla ya kuvua viatu, binti alisema, "Mama, leo wameniita tena." Mama akaweka ungo chini, akaketi, akamsikiliza mpaka mwisho. Safari ya kwanza habari hiyo ilikaa moyoni mwa mtoto wiki tatu. Safari hii haikulala hata usiku mmoja.